Nilijua Dimba ya Sita ni Mbovu, Nikamuuzia Paker

Nina miaka thelathini na minane, mama wa watoto wawili, mkazi wa Karatu mjini. Ni Mwiraqw, mzaliwa wa Rhotia, na kazi yangu ni banda la gemu. Najua wengine mtacheka... mwanamke mzima, tena mwanakwaya, anashinda akiwasimamia vijana wanaocheza mpira wa kwenye televisheni! Chekeni tu. Mimi kicheko kiliniisha siku lori la mnada liliposimama mbele ya banda langu.

Mume wangu alikuwa dereva wa watalii. Aliniacha nikiwa na mimba ya mtoto wa pili, akahamia Arusha kwa mwanamke mwingine. Cha maana alichoniachia ni televisheni kubwa aliyokuwa akitazamia mpira. Niliitazama ile televisheni nikalia weee, mwishowe nikasema, basi na inilishe.

Nikapangisha chumba kimoja karibu na njia ya kwenda mnadani. Nikatafuta mashine ya gemu iliyotumika, pedi mbili za kuchezea, na diski ya gemu ya mpira ambayo jina lake halisi ni refu la Kizungu. Vijana wa Karatu walikuwa wameshaibatiza jina lao: Dimba.

Dimba ya Kwanza ilikuwa gemu kweli. Mimi sichezi, lakini ukikaa nyuma ya vijana kutwa nzima unajifunza. Mpira ulipita panapopitika, golikipa alidaka ya kudaka na kufungwa ya kufungwa. Dimba ya Pili ikawa nzuri zaidi, mpaka watu wazima waliotoka kuuza mahindi walikuwa wanasimama mlangoni na magunia yao wakiangalia.

Mmoja wa waliosimama mlangoni alikuwa Naserian.

Alikuwa Mmaasai wa Endulen, mke wa tatu wa mzee mmoja wa huko, ameleta shanga mnadani. Aliingia kuomba kuchajisha simu. Akaona kijana amefungwa goli, akacheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo mvua kubwa ilinyesha, magari ya kupanda Ngorongoro yakagoma, nikamlaza kwangu. Tukala ugali na mlenda, tukaongea habari za waume zetu. Asubuhi aliniambia kwa Kiswahili chake cha shuleni, "Mama Joel, wewe tumbo lako kubwa na huna mtu. Mimi nitakuja."

Nikadhani ni maneno ya kuagana tu. Nilipojifungua Neema, Naserian alikuja. Alishuka kwenye gari na kondoo jike mwekundu, mwenye baka jeupe usoni, akamfunga kwenye nguzo ya banda langu. Akasema huyo ni wangu.

Wamaasai wana desturi moja nzuri sana. Mtu akikupa mnyama, mnaacha kuitana majina. Mnaitana kwa jina la yule mnyama aliyewaunganisha, maisha yenu yote. Kwa kondoo ni Paker. Tangu siku ile sikuwa tena Mama Joel kwake, wala yeye hakuwa Naserian kwangu. Yeye aliniita Paker, nami nilimwita Paker.

Mimi ni mpangaji, kondoo ningemfuga wapi? Nikamwomba anitunzie kwenye kundi lake. Alikubali, na kuanzia hapo kila kondoo wangu alipozaa alinipigia. Endulen kwao mtandao ni wa kuutafuta, alikuwa anapanda kilima kizima ili kuniambia habari ya mwanakondoo. Na alikuwa hafichi. "Paker, amezaa, lakini huyu mguu wake mbaya, nisikudanganye." Mara nyingine, "Paker, fisi amechukua mmoja wako, wa kwangu amewaacha. Usifikiri nimekula." Mimi ningejuaje? Angeweza kula wote, na nisingejua.

Yashikeni maneno hayo ya kilimani, wasomaji wenzangu, maana ndiyo yanayonisuta.

Miaka ikaenda. Dimba ya Tatu ikaja, si mbaya. Dimba ya Nne ndiyo iliyoanza kuharibika. Golikipa analala kabla mpira haujapigwa. Mchezaji anakwama kwenye kibendera cha kona, anakimbia palepale mpaka mechi inaisha. Mtangazaji anapiga kelele za goli, kumbe mpira umetoka nje. Vijana walitukana mpaka nikawa natoa watoto wangu nje. Walitukana, na walicheza.

Mwaka uliofuata walewale wakaanza kuniuliza, "Mama Joel, Dimba mpya bado?"

Nilishangaa. Nikamuuliza mmoja wao, fundi pikipiki anayeitwa Baso, kwa nini anaulizia kitu anachokitukana kila siku. Akaniambia, "Maza, hii ni Dimba. Safari hii lazima watakuwa wamerekebisha." Mwenzake akaongeza kwamba banda la ng'ambo ya barabara likiileta kabla yangu, wao wanahamia huko, kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana anacheza ya mwaka jana.

Hapo ndipo nilipoielewa biashara yangu. Ubovu haukuwa kizuizi. Jezi zilikuwa mpya, namba kwenye kasha ilikuwa mpya, na jina lilikuwa lilelile walilolipenda wakiwa shuleni. Aliyenunua akakuta ameuziwa mbuzi kwenye gunia hakutaka kuchekwa, kwa hiyo alisifia. Aliyesikia sifa naye akanunua. Banda moja likileta, mengine yote yanaleta. Mimi sikuwa na sababu ya kuwaamsha. Nikawa nateremka Arusha kuchukua diski na mashine, nauzia wenye mabanda wa Mang'ola, Mto wa Mbu, Mbulu. Nikapaka rangi kibao changu upya: DIMBA MPYA IPO, MOTO WA KUOTEA MBALI. Moto gani? Nilijua hata jivu hakuna.

Wakati huo kiangazi kilikuwa kimewapiga watu wa kule juu. Ng'ombe wa mume wa Naserian walikwenda kutafuta maji Olbalbal, wengi hawakurudi. Shanga hazikuwa zinanunuliwa. Binti yake mkubwa alikuwa sekondari, anafanya vizuri, lakini alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Naserian akaja kwangu kuomba ushauri, na mimi, Mungu anisamehe, nikamshauri afungue banda la gemu.

Ushauri wenyewe haukuwa mbaya. Kulikuwa na chumba nyuma ya duka la shemeji yake, na vijana wa Endulen waliomaliza shule hawakuwa na pa kukaa. Akafunga sola, nikampa mashine yangu ya zamani na Dimba ya Pili. Vijana wakajaa. Morani wanaacha fimbo mlangoni wanaingia kucheza, na Naserian amekaa kwenye kigoda na shanga zake anashona, anawagombeza kama mama yao. Binti alirudi shule. Nilienda kuwatembelea mara moja, nikaona kondoo wangu wekundu wamekuwa kundi. Nililia kwa furaha siku ile.

Kisha nikamuuzia Dimba ya Tano.

Ilikuwa mbovu kuliko ya Nne. Alipokuja tena mnadani niliogopa kumwangalia, nikijua atalalamika. Wala hakulalamika. Aliniambia neno ambalo sitalisahau. Alisema kwao mtu akileta mtamba wa kuuza, hawamwangalii mtamba kwanza. Wanauliza mama yake alitoa maziwa kiasi gani, na bibi yake je. "Huyu Dimba wa tano ametoka vibaya tu," akasema. "Labda kiangazi kilimkuta tumboni. Lakini mama yake mzuri, bibi yake mzuri. Wa sita atakuwa sidai."

Sidai ni nzuri, safi. Nilicheka, naye akacheka.

Kwa nini sikumwambia papo hapo? Kwa nini sikusema, Paker, gemu haina mama? Wanaoitengeneza wako mbali huko, wanabadilisha jezi na namba, wanajua tutanunua. Ng'ombe hawezi kukudanganya kuhusu mama yake, lakini kasha la gemu limechapishwa ili likudanganye. Nilikuwa nayajua hayo yote. Nikaendelea kumpimia sukari ya chai.

Sasa sikilizeni jinsi shetani anavyofanya kazi. Dimba ya Sita ilipotangazwa, mimi mwenyewe niliyekuwa nawacheka vijana niliingia mkenge uleule. Niliagiza mzigo mkubwa kabla sijaona hata mechi moja, kwa sababu ni Dimba na Dimba inauzika. Katoni zikafika na mashine mpya, maana ya Sita ilikuwa haichezi kwenye mashine za zamani. Nikamwita Baso tuijaribu.

Iliganda kabla ya mapumziko. Tukawasha tena, ikaganda. Kisha ikaandika kwamba inataka intaneti ili ijirekebishe. Tukainunulia bando, likaisha, tukanunua jingine kubwa zaidi. Ilipokubali, golikipa alikuwa hana uso. Baso aliweka pedi chini akasema, "Maza, hapa umepigwa." Nilimpigia tajiri yangu wa Arusha nikimbembeleza achukue mzigo wake. Akaniambia mzigo ukishatoka haurudi.

Nilikaa juu ya zile katoni mchana kutwa. Na simu ikaita. Alikuwa Naserian, anahema, upepo wa kilimani unavuma kwenye simu.

Aliniambia vijana wa Endulen wameisikia Dimba ya Sita kwa wenzao wa Karatu, hawataki tena kucheza ya zamani. Wametaka kufanya ligi, tayari wanachanga kiingilio. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, wake mwenyewe, aliyeponea kiangazi. Mume wake amekubali kwa shida auzwe ili anunue mashine mpya na Dimba. Lakini yeye alitaka kusikia kwanza kwangu.

Akaniuliza, "Paker, huyu wa sita... anafanana na mama yake?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. La kweli lilikuwa fupi kuliko la uongo. Nikaangalia zile katoni, nikafikiria kodi ya chumba, nikafikiria ada ya Joel.

Nikasema, "Anafanana kabisa, Paker."

Alishukuru. "Ashe, Paker. Ashe." Alinishukuru mara mbili!

Alikuja siku ya mnada, akauza ng'ombe, akaja kwangu moja kwa moja bila hata kunywa chai. Nilimfungia mashine kwa kanga yangu ili vumbi la njiani lisiingie. Angalieni huruma hiyo ya mnafiki... nilijali vumbi. Habari ya intaneti sikuigusa, na nilijua vizuri kwamba Endulen kwao hata sauti ya simu inapandiwa mlima.

Siku chache baadaye simu zikaanza. Niliona jina lake likiwaka kwenye kioo, PAKER, nikageuza simu kifudifudi. Ikaita tena. Nikaizima sauti. Kila simu ilikuwa safari ya kupanda kilima na kushuka, nami nilijua. Yule aliyepanda kilima kile kunieleza mguu mbaya wa mwanakondoo, nilimwacha juu kule anaongea na upepo.

Nilijidanganya kwamba nikishauza katoni zote nitampigia, nitamrudishia. Na ziliuzika! Hapo ndipo mjue ulimwengu ulivyo. Walinunua Mang'ola, walinunua Mto wa Mbu, wakatukana, wakaendelea kucheza. Huko mtandao upo, walinunua bando wakajirekebishia. Mtu pekee ambaye Dimba ya Sita haikumfaa hata dakika moja ni yule aliyenipa kondoo.

Habari zake nilizipata kwa dereva wa gari la abiria linaloshuka kutoka Endulen. Hakujua tunafahamiana kiasi gani, alikuwa anasimulia kama kichekesho. Siku ya kufungua ligi vijana walijaa mpaka nje, wengine wametoka mbali na miguu. Mechi ya kwanza ikaganda. Wakangoja. Ikaganda tena, ikaandika Kizungu chake. Binti aliyekuwa likizo ndiye aliyesoma kwamba inataka intaneti. Wakabeba mashine, televisheni na betri ya sola mpaka kilimani kutafuta mtandao. Mtandao wa kule ulitosha sauti ya simu tu, mashine haikushika kitu. Vijana wakadai kiingilio chao, wengine wakasema mama huyu ni tapeli. Naserian akarudisha chote, na juu yake akawaongezea waliotoka mbali.

Mume wake alimwambia mbele ya wake wenzake kwamba ameuza maziwa ya watoto akanunua giza. Watoto wadogo wakawa wanakunywa chai ya rangi. Shule zilipofunguliwa, binti hakurudi.

Nilimuuliza yule dereva kama Naserian alimtaja aliyemuuzia. Akasema watu walimuuliza sana. Alijibu kwamba alinunua mjini, dukani.

Alinificha. Mimi ningetukanwa Endulen nzima, na yeye akabeba jina la tapeli peke yake... Nilishindwa kumalizia kuuza siku hiyo. Nikafunga banda, nikaenda kanisani.

Nilipanga niende kwake Jumamosi. Nilikuwa nimeshaweka kando fedha za kumrudishia, nimenunua na unga na sukari. Yeye akaniwahi. Siku ya mnada lori lilisimama mbele ya banda langu, nikasikia kondoo. Nikatoka. Naserian alikuwa nyuma ya lori amevaa shuka zake nzuri, amesimama katikati ya kondoo wekundu, wote wana baka jeupe usoni.

Hakupiga kelele. Mimi nilitaka apige. Alishusha mmoja mmoja, na kila mmoja alinieleza. Huyu ni mjukuu wa yule wa kwanza. Huyu ana mimba. Huyu jicho lake moja linatoa maji, mpeleke kwa bwana mifugo, nisikudanganye. Hao wawili sikuwahi kukwambia, walizaliwa wakati simu yako haipokelewi.

Nilimshika mkono nikilia, nikamwambia fedha zako zipo, ng'ombe tutamnunua leoleo hapahapa mnadani, binti arudi shule. Alizipokea fedha. Hakuwa na maringo ya kuzikataa, watoto walikuwa hawana maziwa. Akazifunga kwenye pindo la shuka. Nikapata tumaini, nikamwita, "Paker..."

Alikaza lile fundo la shuka. Kisha akaelekeza kidole kwenye wale kondoo.

"Hawa wote nimeangalia sura zao," akasema. "Wote wanafanana na mama yao. Kwaheri, Mama Joel."

Akapanda mbele kwa dereva. Mama Joel! Jina langu la siku zote, wanaloniita muuza nyanya na mwenye nyumba. Sikujua kama linaweza kuumiza hivyo.

Sasa ni mwaka umepita. Binti alirudi shule, hilo nilithibitisha. Kondoo nimewapeleka kwa mama yangu Rhotia. Kibao nilikiteremsha. Dimba ya Saba ilipotoka, Baso na wenzake walikuja mbio kuulizia. Niliwaambia ukweli kwa mara ya kwanza: nimeiona kwa mtu Arusha, ni mbovu, msipoteze hela zenu. Walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyefilisika. Kisha wakavuka barabara wakaenda kuicheza kwa jirani. Jioni nilisikia wanavyoitukana, na kesho yake walirudi kulekule.

Sikuwashangaa tena. Mtu akikipenda kitu alipokuwa mdogo, anakisamehe miaka mingi. Anadhani mwaka huu kitarudi kuwa kile cha zamani. Naserian naye alisamehe Dimba ya Tano. Mimi nilidhani atanisamehe vivyo hivyo, kwa sababu alinipenda tangu zamani. Nilijihesabu kama Dimba. Lakini yeye watu hakuwapima kwa jina la zamani, aliwapima kwa ukweli wa neno lao.

Ndugu zangu wenye maduka, wenye mabanda, mnaoagiza mizigo kwa kuangalia jina juu ya kasha, nawaomba: ijaribuni kwanza kwa mikono yenu. Na mteja akija na akiba yake ya mwisho, akakuuliza kwa kukuamini, mwambie ulichokiona hata kama katoni zimekujaa mpaka darini. Nawe msomaji unayenunua kitu kila mwaka huku unakitukana, jiulize ni lini mara ya mwisho kilikufurahisha.

Wiki iliyopita mama alinipigia kutoka Rhotia. Yule kondoo mwenye mimba amezaa tena, pacha, mmoja mguu wake mbaya. Nilikata simu nikaenda haraka kwenye namba ya Paker, nikabonyeza, nikangoja iite. Ndipo nikakumbuka kwamba ili aipokee, ni lazima awe amepanda kilima, na kwa ajili yangu hapandi tena. Niliiacha ile sauti ya mtandao irudie kwamba hapatikani, mpaka ikakatika yenyewe.